Tui Lafanyaje?

"Tui lafanyaje?" Mama aliuliza.

Nilikuwa nimesimama mbele ya jiko la mkaa, uani kwetu Ngamiani, mwiko mkononi, jasho likinitiririka mgongoni. Nikachungulia sufuria. Kandokando palikuwa na vijipovu vyembamba vikizuka na kupasuka. Katikati tui lilikuwa limetulia kama bahari ya Raskazone wakati wa maleleji. Nikajibu kwa ujasiri wa mtu aliyetunga mashairi kwa miaka thelathini na asiyewahi kupika hata siku moja:

"Linachemka, Mama."

"Basi tia mchele."

Nikatia. Tulichokula mchana ule hakikuwa wali. Yalikuwa mashendea, na Mama, aliyepikia shughuli za watu Tanga nzima, alikula matonge matatu, akaisukuma sahani, akanawa.

"Uliniambia linachemka," akasema. "Tui lile lilikuwa lataka kuchemka. Si mamoja."

Malenga wenzangu, nimeshahojiwa juu ya vina na mizani na wazee wasiocheka. Sijapata kusahihishwa kwa ufupi na uchungu kama ule.

Nieleze tulivyofika hapo. Presha ya macho ilimpokonya Mama nuru yake kidogo kidogo, ikianzia pembeni. Kwa muda mrefu hakumwambia mtu. Alikuwa akiona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, akageuza shingo huku na huku kutafuta kisu kilichokuwa karibu na mkono wake, nasi tukadhani ni uzee tu. Tulipotanabahi, tundu lenyewe lilikuwa limeshaanza kuzibika. Aliendelea kupika vivyo hivyo, kwa kupapasa na kunusa, mpaka siku alipoepua sufuria ya mchuzi na upindo wa kanga ukaingia motoni. Aliungua mkono kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Tangu siku ile tukamkataza jiko.

Hilo la kumkataza lilimuumiza kuliko moto. Alikaa barazani siku nne bila ya kusema la maana. Mke wangu ni mwalimu Muheza, hurudi nyumbani Ijumaa. Dada yangu yuko mbali, nitamfikia baadaye. Nami nilikuwa nikinunua chakula mgahawani na kumletea. Alikuwa akikionja, anakisifu kwa adabu, anakiacha. Siku ya tano akaniita. "Mwanangu," akasema, "macho sina, lakini upishi sijasahau. Nikalishe kiti uani. Wewe utapika, mimi nitakwambia." Tukapatana hivyo: mikono iwe yangu, maarifa yawe yake, na baina yetu pawepo maneno tu.

Ndipo nilipogundua kuwa maneno sinayo.

Chukueni wali wa nazi, jambo ambalo kila mtoto wa pwani hudhani analijua. Umekuna nazi juu ya mbuzi, umeikamua kwa maji kidogo ukapata tui zito, hilo ambalo wazee huliita kasimile, umeliweka kando. Umetia maji tena kwenye machicha, umekamua, umechuja kwa kifumbu, ukapata tui jepesi. Tui la pili ndilo linalotangulia motoni, pamoja na chumvi. Tangu linapobandikwa mpaka linapotiwa mchele hupita muda mfupi, lakini katika muda huo hutokea mambo chungu nzima, na kila moja lina neno lake. Kwanza tui linapata moto. Halafu linataka kuchemka. Halafu linachemka. Likichemka kwa utulivu, linatokota. Ukilipuuza, linapanda, likipanda halikupi nafasi, linafoka na kuuzima mkaa. Usipolikoroga, linakatika, mafuta yakajitenga na maji, na hapo hakuna wa kuliunga tena. Mimi, katika hayo yote, nilikuwa na kitenzi kimoja: linachemka.

Mama hakukubali. Alikuwa akiuliza, "Lachemka pembeni au katikati?" "Povu lake kubwa au dogo?" "Ukikoroga, larudi kutulia au laendelea?" Nilikuwa nikijibu huku nimeinama juu ya sufuria kama mganga juu ya bao. Yeye alikuwa amekaa wima kitini, uso ameuelekeza ukutani, na kwa majibu yangu alikuwa akijenga sufuria nyingine kichwani mwake. Nikikosea neno, sufuria yake na yangu zinaachana, na amri inayotoka kwake inaangukia chakula kisichokuwapo.

Wiki ya pili nilijifunza tofauti ya viambishi kwa namna ambayo sikuipata darasani. Aliniuliza kama maji ya mihogo yamechemka. Nikajibu, "Hayachemki." Akashtuka. "Moto umezimika?" Haukuzimika, uliwaka vizuri, ni kwamba maji yalikuwa bado. "Basi sema hayajachemka," akasema. "Ukisema hayachemki nakuwa na hofu na jiko. Ukisema hayajachemka nakaa nikingoja." Tazameni kazi ya hiyo -ja-. Ni silabi moja, lakini ndani yake mna ahadi kwamba jambo lipo njiani. Lugha nyingi huhitaji neno zima la pembeni ili ziseme hivyo. Sisi tumeliweka tumboni mwa kitenzi, na kwa kuwa liko tumboni, tumelisahau.

Hali kadhalika -me-. Wanaisimu hutueleza kwamba kiambishi hiki ni masalia ya kitenzi cha kale, -mala, chenye maana ya kumaliza. Wali "unaiva", nao ni mwendo. Wali "umeiva", nao ni kituo. Lakini si kila -me- ni kituo cha namna moja. "Moto umekolea" maana yake umekolea na ungali umekolea sasa hivi, fanya haraka. "Mchele umelowa", "chungu kimekaa vibaya", "nazi imechacha": yote hayo ni mambo yaliyokwisha kutokea na ambayo bado yapo mbele yako. Kisha kuna jozi ambayo mpishi kipofu huiogopa kuliko zote, "unaungua" na "umeungua". Baina ya hizo mbili ndipo penye wali au pasipo na wali. Nilipopiga kelele mara ya kwanza, "Mama, wali umeungua!", alikunja uso akanyamaza, kwa kuwa cha kufanya hakikuwapo tena. Kumbe ulikuwa unaungua tu, chini, upande mmoja. Angeniambia nipunguze makaa na nigeuze sufuria. Nilimnyima nafasi hiyo kwa kiambishi.

Sasa nifike kwenye -a- na -na-, nami naungama mbele ya kadamnasi.

Mama alizaliwa Tongoni, kusini ya mji, kunakosemwa Kimtang'ata, lahaja ambayo W. H. Whiteley aliichapishia kitabu mwaka 1956. Maisha ya mjini yameulainisha usemi wake, lakini -a- ameishika: tui lachemka, moto wawaka, samaki wanuka. Wengi wetu tuliokuja baada yake tunaifahamu hiyo -a- katika magazeti, katika methali, na zaidi ya kote katika mashairi. Si ngeni kwenye vitabu. Edward Steere aliziorodhesha -a- na -na- zote mbili mwaka 1870. Walimu wangu walinifundisha kwamba ile ya kwanza husema jambo bila kulibana kwenye saa, na ya pili hulibana. Mimi niliitumia kwa sababu nyingine kabisa. Kitabu cha Kaluta Amri Abedi juu ya sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, ndicho kilichonifunza kuhesabu mizani, na tangu hapo -a- na -na- kwangu zilikuwa kama mawe madogo na makubwa ya mizani ya sokoni. Mstari ukipungua silabi moja, tia -na-. Ukizidi, iondoe.

Ninalo shairi la ujanani lenye mshororo huu: "Mama apika pilau, moshi wapanda angani." Nane kwa nane. Rasimu ya kwanza ilisema "Mama anapika wali", nayo pia ni nane, lakini kina changu cha kati kilikuwa -u, hivyo wali ukageuka pilau, na -na- ikaondoka kulipa gharama. Nilimsomea Mama shairi hilo miaka mingi iliyopita, akiwa bado anaona. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Zuri. Ila wakati ule hatukuwa na nyama."

Sidai kwamba Mama anayo kanuni. Nilimdadisi siku moja, akaniona nimeanza ujinga. Lakini nimemsikiliza kwa miezi mingi, na nyumbani mwetu jambo liko hivi: -a- anaitumia kwa lile analolijua au analouliza akiwa mbali nalo, anaposikia kwa masikio yake mwenyewe, mafuta yakirukaruka kikaangoni, husema "yanaruka hayo, punguza." Ni kama kwamba -na- ni ya aliyepo. Mimi niliyekuwa na macho nilikuwa nimepewa -na- bure, nikaitumia kujazia mizani.

Na hapa ndipo anapoingia mpwa wangu.

Dada yangu anaishi Valencia, Hispania. Ameolewa huko, na binti yake mwenye miaka sita amezaliwa huko. Kila Jumapili hupiga simu ya picha, na ingawa Mama haioni picha, hukaa mbele ya simu amejifunga mtandio vizuri kama anayetazamwa, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Jumapili moja aliyepokea upande wa pili alikuwa mtoto.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mama yuko wapi?"

"Mama yuko anapika."

Nikadakia. "Sema, mama anapika."

"Ndiyo, Mjomba. Yuko anapika."

Nilirudia, naye akarudia, kila mmoja akiwa na hakika yake. Dada yangu akatokea akifuta mikono, akacheka. "Kaka, usimchoshe. Huyo anafikiri kwa Kihispania." Akanieleza, nami kwa ugonjwa wangu nikachukua daftari. Kihispania, alisema, hutumia kitenzi "estar" kutaja mahali mtu alipo: "está en la cocina", yuko jikoni. Hutumia hicho hicho kutaja hali: chakula "está listo", kiko tayari. Na kitendo kinapoendelea, huchukua hicho hicho na kukifuatishia kitenzi kilichofungwa mkia wa -ando au -iendo: "está cocinando", anapika, "está hirviendo", kinachemka. Kwa mtoto, basi, "está" ni "yuko". Alikuwa akifasiri kwa uaminifu, neno kwa neno. Nikamuuliza dada kama ni lazima kusema hivyo. Akasema si lazima. Ukiulizwa unafanya nini waweza kujibu kwa neno moja tu, "cocino", napika, na utaeleweka kuwa ni sasa hivi. Kwa hiyo nao wana njia mbili, fupi na ndefu, kama Mama na mimi.

Nilikuwa tayari kumhukumu mtoto hata hivyo. Mimi ni mtu wa Tanga, na miongoni mwetu kuna kiburi cha kudhani kwamba Kiswahili kinapopanda milima huharibika. "Niko napika" nilikuwa nimeisikia Nairobi, na kwa watu wa mashariki ya Kongo, na mara zote nilikuwa nimetabasamu tabasamu lile tulijualo. Sasa iko sebuleni kwetu, imekuja kwa njia ya Ulaya!

Mama ndiye aliyeamua kesi. "Mwache," akasema. "Wewe ukiniambia mama yake anapika, wajua kama yupo karibu? Aweza kuwa anapika nyumba ya pili. Huyu kaniambia yuko. Halafu kaniambia anapika. Mimi nisiyeona nataka yote mawili."

Sikuwa na la kujibu, na usiku ule nilifikiri zaidi ya nilivyotaka. Sisi sote husema "yuko jikoni, anapika", na hakuna mwalimu wa kuikata kwa kalamu nyekundu. Mtoto aliondoa jikoni tu. Tena hiyo -na- yenyewe, inaelezwa, haina asili ya mbali: ni ile "na" ya kuwa pamoja na kitu, ya "ana watoto", "ana homa". Anapika ni mtu aliye na kupika, kama mwenye homa alivyo na homa. "Estar" nayo wanasema imetoka Kilatini, kwenye neno la kusimama. Mmoja amesimama katika upishi, mwingine anao upishi mkononi. Ukizisogeza karibu hizo mbili unaona kuwa watu wa mbali kabisa walikumbana na shida moja, jinsi ya kumwambia asiyekuwapo kwamba jambo hili halijaisha. Kila mmoja akaazima kitu kilichokuwa karibu.

Sijasema kwamba nitaandika "yuko anapika" katika shairi. Mizani ingefurahi, lakini bado nina haya zangu.

Idi iliyofuata dada yangu alitaka kupika wali wa nazi kwa wageni wa mumewe. Watu wa Valencia ni watu wa mchele. Wali wao hupikwa kwenye kikaango kipana, na hawaukorogi baada ya mchele kuingia. Dada alikuwa amekaa nao miaka mingi, amejua wa kwao, wa kwetu umemponyoka. Tena tui lake lilikuwa la kopo. Akapiga simu. Mikono yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo mtoto ndiye aliyeshika simu na kuisimamisha juu ya jiko. Mimi nilitaka kutazama picha na kumsimulia Mama. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Mjukuu wangu, tui lafanyaje?"

Kimya kidogo. Kisha: "Bibi, tui liko linacheka."

Nilifungua mdomo. Linachemka, nilitaka kusema, si linacheka. Mama alikuwa ameshainamia simu.

"Linacheka wapi? Pembeni au lote?"

"Pembeni."

"Bado. Mwambie mama yako akoroge, asiache. Likicheka lote uniite."

Tukangoja. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria, na maneno ya Kihispania ya mwanamume aliyepita jikoni akafukuzwa. Mama alikuwa amekaa vilevile, wima, uso ukutani, lakini vidole vyake vya mkono wenye kovu vilikuwa vikizunguka juu ya paja, polepole, kwa mwendo wa kukoroga.

"Bibi! Liko linacheka lote!"

"Tia mchele."

Wakatia. Akauliza maji yamefikia wapi juu ya mchele, mtoto akapima kwa kidole na kusema "moja na nusu ya kidole changu", na Mama akakokotoa kidole cha mtoto wa miaka sita bila kusita. Maji yalipokaukia akaamuru tui zito limiminwe juu, moto upunguzwe. Makaa ya kupalia hawakuwa nayo. Wakaitia sufuria katika tanuri, ambalo Mama alilikubali kwa shingo upande. Baadaye akasema, "Isogeze simu, nisikie." Mtoto akaisogeza karibu mno, dada akapiga ukelele. Kutoka ndani ya sufuria ilisikika sauti nyembamba, kavu, ya vitu vidogo vinavyopasuka.

"Unalia," akasema Mama. "Epua."

Wakaepua, wakapakua. Simu ilikuwa imeegemezwa mahali, sisi tukitazama dari ya watu, tukisikia vijiko. Kisha mtoto akarudi mbio, sauti imejaa. "Bibi, chini iko socarrat! Iko imeshika!"

"Iko nini?"

Dada yangu akaitikia kutoka mbali, kinywa kimejaa: "Ukoko, Mama. Huku ndio wanaogombania."

"Basi mkwangulie mtoto kwanza," akasema Mama, "kabla baba yake hajaumaliza."